Je, mwenyeji alipona?

Ninaandika kutoka Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mimi ni fundi wa umeme wa mashine kubwa za migodi. Kwa muda wa miaka mitatu, tangu mwezi wa tatu 2017 mpaka mwezi wa pili 2020, niliishi na kufanya kazi kwenu Kolwezi. Katika karatasi za kampuni niliandikwa "expatrié". Watu wakisikia neno hilo wanafikiri Mzungu ao Mchina tu, lakini sisi weusi pia tulikuwa wengi: Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe, watu wa Afrika Kusini.

Rafiki mmoja wa Kolwezi aliniomba niandikie gazeti hili juu ya maisha ya mgeni anayefanya kazi katika inchi ya watu, kwa sababu vijana wengi wa Lualaba nao wanawaza kwenda kutafuta kazi Zambia, Afrika Kusini ao mbali zaidi. Nimekubali. Lakini nimeona si haki kuandika mazuri tu. Kuna jambo moja nililolifanya pale Kolwezi ambalo mpaka leo linanisumbua, na nikiliacha, haya mengine yote yatakuwa porojo.

Kiswahili changu mutakivumilia. Nilikuja kwenu na cha Mbeya, nikarudi na kilichochanganyika. Hata watoto wangu wananicheka.

Malori ya shaba

Nilikulia Mbeya, karibu na barabara kuu ya Zambia. Tukiwa watoto tulikuwa tukihesabu malori. Mengine yalibeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mekundu kama udongo uliolowa. Tulijua yanakwenda bandarini Dar es Salaam. Yalikotoka hatukujua, na hatukuuliza. Kwa mtoto, kitu kinachopita barabarani hakina kwao.

Mwishoni mwa 2016 nilikuwa fundi katika mgodi wa dhahabu huko kwetu, kanda ya Ziwa. Mwenzangu mmoja akanipigia simu: kuna kampuni ya kandarasi Kolwezi inatafuta fundi umeme anayejua magari makubwa ya kubebea mawe. Mshahara aliotaja ulikuwa mara tatu ya ule niliokuwa nao. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na nyumba iliyosimama kwenye lenta tangu miaka miwili bila kuezekwa. Sikufikiri sana.

Nilikwenda kwa basi: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Kitwe, Chingola, kisha Kasumbalesa. Pale mpakani niliona malori ya utoto wangu yamepanga mstari usio na mwisho, madereva wamekaa chini ya tela wanapika. Toka Lubumbashi bado kuna kilomita kama 300 kupitia Likasi na Fungurume. Nilipofika Kolwezi nilirudisha saa yangu nyuma saa moja, nikanawa uso, na maji yakawa mekundu. Ndipo nikajua shaba ile ina kwao, na kwao ni hapa.

"Papa, unamuacha bibi?"

Jambo la kwanza lililonishusha lilikuwa lugha. Mtanzania akifika Congo anadhani Kiswahili ni mali yake. Na mimi nilifika hivyo, kifua mbele.

Juma la pili mzee wa nyumba ya jirani aliniita kula. Bukari, sombe na samaki ya tomsoni. Mke wake akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu kwa furaha: "Nimemwacha bibi yangu Mbeya. Ana miaka themanini na mbili, lakini bado analima."

Meza ikanyamaza. Mama akaweka kijiko chini. "Eh, papa! Unamuacha bibi? Mwenye miaka themanini? Juu ya nini?"

Mimi sikuelewa. Nikaendelea: "Namtumia hela kidogo kila mwezi." Hapo kijana wao mkubwa akashindwa kujizuia, akakimbia nje kucheka. Mzee mwenyewe ndiye aliyenieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto: "Kwetu huku, bibi njo ule ulioa. Mama ya mama yako, ule ni nkambo."

Tangu siku ile nilipopita mtaani watoto waliniita "papa wa nkambo". Nilijifunza kwamba mwenye umri kunizidi si kaka, ni yaya. Nilijifunza kwamba Jumamosi ni siku ya posho, neno lililobaki tangu zamani za kampuni kugawia wafanyakazi chakula. Nilijifunza kutokukunja noti ya dola, kwa sababu ikichanika kidogo tu pembeni, hata mama wa nyanya hataipokea. Haya ni madogo. Lakini mgeni asiyekubali kuchekwa katika madogo, hatafundishwa makubwa.

Ndani ya ukuta

Lakini niseme kweli: mwaka wa kwanza nilikula kwa jirani mara mbili tu. Siku nyingi niliishi ndani ya ukuta. Kampuni ilitupangia nyumba mjini, wageni sita, mlinzi kwenye mlango, jenereta, maji ya chupa. Gari lilituchukua saa kumi na moja ya alfajiri, likaturudisha usiku. Umeme ukikatika mtaani, kwetu jenereta iliwaka, na toka dirishani niliona nyumba zote za jirani gizani. Kolwezi haiko mbali na mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa katika miaka ya 1950 kusudi migodi ipate nguvu. Mashine ninazozitengeneza hazilali gizani. Watu wanaolala karibu nazo wanawasha mshumaa.

Jioni tulizungumza mambo matatu: likizo, bei ya dola, na ubaya wa mahali tulipo. Wageni wanapenda sana mazungumzo hayo. Vumbi la Kolwezi, barabara za Kolwezi, polisi wa Kolwezi. Tulisema kama watu waliopelekwa kwa nguvu, na kila mmoja wetu alikuwa ameomba kazi ile kwa barua yake mwenyewe.

Nyumbani nako nilikuwa mgeni. Binti yangu mdogo alikuwa na miaka minne nilipoondoka. Niliporudi likizo ya kwanza alisalimia kwa adabu, kiisha akamwuliza mama yake kama baba wa kwenye simu atalala hapa. Vijana munaotamani kwenda mbali, mujue bei hiyo haiandikwi kwenye mkataba.

Neno "mgeni" lina kidonda

Mwaka wa pili nilianza kutoka nje ya ukuta siku za mapumziko. Nilitembea Dilala na Manika, nikafika Musonoi, nikaiona Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vya nyumba zao. Na pole pole nikasikia mambo ambayo ndani ya ukuta hakuna aliyeyasema.

Nilikutana na mama mmoja, mshonaji. Alinitengenezea suruali, tukazungumza. Alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yake vilevile alizaliwa Katanga. Babu ndiye aliyeletwa toka Kasai na Union Minière, kampuni ile iliyotafuta watu wa kazi Kasai, Rwanda, Angola na Rhodesia ya Kaskazini, na iliyouanzisha mji huu 1937. Lakini katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, familia yake iliambiwa: ninyi wageni, murudi kwenu. Walilala kwenye stesheni ya gari la moshi majuma mengi wakingoja treni, pamoja na maelfu ya wengine. Mdogo wake alifia pale. Alirudi Kolwezi baada ya miaka mingi, kwa sababu, alisema, "miye sina kwetu kwingine".

Kiisha akanitazama juu ya mashine yake ya kushona, akacheka kidogo: "Na weye, papa, unakuya juzi. Banakuita patron."

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja katika mji ule, na mlinzi alinifungulia mlango kwa saluti. Yeye alizaliwa pale, akafukuzwa kama mgeni. Nilielewa kwamba "mgeni" si neno la kupimia umbali uliotoka. Watu wanalitumia kupimia nani anafaa kupata, na nani aondolewe. Na mimi, kwa wakati ule, nilikuwa upande wa wanaopata.

Masi

Sasa nifike kwenye kazi.

Katika karakana nilikuwa na mwenzangu, mwenyeji, mwenye miaka hamsini. Nitamwita Yaya, kama nilivyomwita. Yeye alianza kazi Gécamines akiwa kijana, mwaka 1988, wakati kampuni ile bado ilikuwa kama baba na mama wa mji: shule, hospitali, unga, hata kiwanja cha mpira. Munajua wenyewe yaliyofuata. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Yaya alikuwa mmoja wao. Alirekebisha redio, akachomea milango, akalima, mpaka kandarasi zilipoanza kuajiri tena.

Kwenye karatasi, mimi nilikuwa mkubwa wake.

Siku moja ya mvua, mwezi wa kumi na moja 2018, gari moja kubwa lilikataa kuwaka katikati ya njia ya kushukia shimoni. Malori mengine yote yalisimama nyuma yake. Nilishuka na kompyuta ya kupimia. Kompyuta ikasema sensa imekufa. Nikabadilisha sensa. Gari halikuwaka. Kompyuta ikasema sensa nyingine. Nikabadilisha na hiyo. Hapana. Msimamizi alikuwa akinipigia redio kila dakika tano, maji yanaingia kwenye buti, na mikono inatetemeka.

Yaya alikuwa amesimama pembeni. Hakusema kitu mpaka nilipomtazama. Ndipo akauliza: "Uliangalia masi?"

Masi ni ile sisi Watanzania tunayoiita erthi, waya unaofunga umeme kwenye mwili wa gari. Nilijibu kwa ukali kidogo kwamba kompyuta haikusema neno juu ya erthi. Yaya akalala chini, ndani ya matope, akapapasa nyuma ya fremu kwa mkono mmoja, akaniita. Waya ulionekana mzima kwa juu, rangi yake imekaa vizuri. Lakini alipougusa kwa bisibisi ulivunjika kama muhogo mkavu. Ndani ulikuwa umeliwa na maji ya shimoni. Aliukwangua, akafunga mwingine, na gari likawaka.

"Kompyuta inauliza sensa," aliniambia tukipanda juu. "Sensa inajibu kwa njia ya masi. Masi ikiwa mubaya, sensa yote itasema uongo."

Siku ile nilijua jambo ambalo nafikiri nilishalijua mapema zaidi: kazi hii Yaya anaiweza. Mengine ananizidi.

Karatasi

Sheria ya kazi ya Congo inalinda kazi za wenyeji. Mgeni anapaswa kuwa na karte ya kazi, na kuna kiasi cha wageni ambacho kampuni haiwezi kupita. Nafikiri ni sheria ya haki. Kwetu Tanzania pia iko ya namna hiyo. Kwa ajili hiyo, kila mwisho wa mwaka kampuni yetu ilitupatia sisi wageni karatasi ya kujaza. Swali moja lilisema hivi: Je, yuko mwenyeji anayeweza kufanya kazi hii? Kama hayuko, atahitaji kufundishwa muda gani?

Nilijaza karatasi ile mwezi wa kumi na mbili 2018. Ilikuwa wiki mbili baada ya siku ya mvua.

Niliandika: Hayuko bado. Miaka miwili.

Sikulazimishwa na mtu. Nilikaa kitandani, kalamu mkononi, nikafikiri juu ya binti yangu mkubwa aliyekuwa aanze kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Nikafikiri juu ya bati za nyumba. Nikajiambia Yaya ni mzuri lakini hajui Kiingereza. Nikajiambia nikiondoka mimi, hawatampa yeye, wataleta mgeni mwingine. Uongo una maneno mengi ya kujitetea. Niliyapokea yote, nikatia sahihi.

Mwezi wa nne 2019 kampuni ilichagua mafundi wawili wenyeji kwenda Afrika Kusini majuma matatu kujifunza mashine mpya. Yaya hakuchaguliwa. Faili yake ilisema bado hajawa tayari.

Jioni ile alikuja mpaka kwenye ukuta wetu. Hakuwahi kuja. Mlinzi akamsimamisha, nikatoka nje. Mkononi alikuwa na kaye ya shule, mpya, pamoja na kalamu. Akasema:

"Mudogo wangu, banasema siko tayari. Unifundishe ile sijue."

Ndugu wasomaji, angekuja kunitukana ningejua la kufanya. Alikuja na kaye.

Kaye ya Yaya

Tulianza kesho yake. Mara tatu kwa juma, saa mbili za jioni, kwenye baraza ya nyumba yake. Mke wake alituletea chai, na umeme ukikatika tulitumia taa ya simu. Baada ya juma moja nilikwisha kuona kwamba kitu asichokijua kilikuwa kimoja tu: maneno ya Kiingereza ya ile kompyuta. Vitabu vyote vya mashine vilikuwa vya Kiingereza. Yeye alisoma kwa Kifaransa. Basi hatukufanya umeme hata kidogo. Tuligawa ukurasa sehemu tatu: neno la Kiingereza, neno la Kifaransa, na maelezo kwa Kiswahili, namna fundi anavyosema. Tulibishana sana. Mimi niliandika "erthi", yeye akafuta akaandika "masi".

Siku moja aliniomba nimsaidie kuhesabu saa zake za ziada, akanipa karatasi ya mshahara. Niliitazama. Wangu ulikuwa zaidi ya mara nne, na nyumba juu yake. Nilihesabu saa zake, nikamrudishia. Hakuniuliza wangu ni kiasi gani. Nadhani alijua.

Kaye ya kwanza ilijaa baada ya miezi miwili. Tukaanza ya pili.

Mwezi wa kumi na moja karatasi ya kampuni ikaja tena. Safari hii nilimpigia mke wangu kwanza. Nilimweleza yote, hata ile ya mwaka uliopita ambayo nilikuwa nimemficha. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema: "Andika ukweli. Tutakula tulichonacho." Na baada ya kidogo: "Lakini ada ya Januari je?"

Sikuwa na jibu la ada ya Januari. Niliandika: Yuko. Nikaandika jina lake lote, na miaka yake ya kazi, na kwamba hahitaji kufundishwa. Mkataba wangu uliishia mwezi wa pili 2020, haukuongezwa. Binti yangu alihamishiwa shule ya serikali ya kutwa. Alilia, akazoea. Nyumba tuliiezeka nusu.

"Ulikawia mwaka moja"

Siku tatu kabla ya kuondoka Yaya aliniita kula kwake. Nilikuwa nimeamua kutokuondoka na siri ile. Kabla ya kunawa mikono nilimwambia: ile faili iliyosema huko tayari, niliandika mimi.

Hakushtuka. Alimimina maji juu ya mikono yangu kwanza, kama mwenyeji anavyofanya, kiisha juu ya yake. Akasema: "Nilijua. Karatasi inapita katika mikono ya batu."

Nikamwuliza: kama ulijua, kwa nini ulikuja na kaye?

"Ningeenda kwa nani?"

Tukala. Bukari ilikuwa karibu kwisha aliposema tena, bila kunitazama: "Ulikawia mwaka moja. Kwa mutu ya miaka makumi tano, mwaka moja ni mingi."

Hakusema amenisamehe. Wala hakunifukuza mezani. Alinisindikiza mpaka kwenye ukuta, na siku ya safari alikuja stendi alfajiri na mfuko wa mihogo mikavu kwa ajili ya nkambo yangu. Majuma machache baadaye korona ilifunga mipaka, na hatukuonana tena mpaka mwaka 2023, nilipoalikwa kwenye arusi ya binti yake.

Nilimkuta mkuu wa sehemu ya umeme. Nilifurahi sana, nikampongeza. Alicheka kicheko chake kifupi. "Kazi ilibakia, mudogo. Mushahara yako haikubakia. Uliondoka nayo." Yaani walimpa kiti changu kwa malipo ya mwenyeji, yaliyoongezwa kidogo tu. Lakini kaye zile mbili alizitoa fotokopi, na vijana wanne wa karakana wanajifunza kwazo. Mmoja wao alinisalimia kwa maneno ya kompyuta ya Kiingereza, moja baada ya jingine, kama anasoma shairi. Nikasikia "masi" katikati yake.

Tunaloulizwa

Wahenga wa pwani walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu hulisema wakikaribisha, wakifikiri juu ya kuku anayechinjwa na watoto wa nyumba wanaopata mchuzi. Mimi nimeligeuza kuwa swali. Nilikwenda Kolwezi, nikapona mimi: nilipata bati, nilipata ada ya miaka mitatu. Mwenyeji je? Najua mtu mmoja ambaye nilimchelewesha mwaka mzima. Najua vijana wanne wenye kaye. Sijui namna ya kuweka hayo kwenye mizani moja, na sitaki kujifanya yanalingana.

Tangu 2022 Congo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Tanzania. Tutazidi kwenda na kurudi. Vijana wa Kolwezi watakuja kwetu, na wa kwetu watakuja kwenu. Mukienda inchi ya watu, mukubali kuchekwa. Mutoke nje ya ukuta mapema, musingoje mwaka wa pili kama mimi. Musiseme vibaya mahali panapowalisha. Na mukipewa karatasi ya kuandika juu ya mwenyeji, mukumbuke kwamba mutu yule anaweza kuja mlangoni jioni, na kaye mkononi.

Na ninyi wenyeji, wazazi hasa: musiwafundishe watoto kwamba mgeni anajua kwa sababu ametoka mbali. Mara nyingi amebeba kompyuta tu. Mumwulize kama aliangalia masi.

Mimi leo natengeneza umeme wa malori hapa Tunduma, palepale yanapongoja kuvuka. Mengi yanatoka kwenu, yamebeba mabamba yale yale ya utoto wangu. Juma lililopita dereva mmoja alisimama, gari limezima, taa zote za onyo zinawaka. Kijana wangu wa kazi alikimbilia kompyuta. Nikamwambia aiache kwanza kwenye sanduku. Nikalala chini ya lori, nikanyosha mkono nyuma ya fremu, nikapapasa. Vumbi lililonianguka usoni lilikuwa jekundu.